Chungu cha Kutembea na Kibuyu cha Bibi Kanga

Nikisema Jembe, ninyi semeni Mpini.

Jembe!

Mpini!

Jembe bila mpini?

Chuma tu!

Mpini bila jembe?

Kuni tu!

Haya. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio nipeni mimi. Na wewe Sikudhani, huko nyuma, nakuona shavu limevimba. Mahindi hayo ni ya mbegu, mama. Tafuna taratibu, hadithi yenyewe inakuhusu.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wanalima, palikuwa na kilima kimoja kikiitwa Kilima cha Mtama. Juu walikaa kina Ngiri. Katikati walikaa kina Fuko. Chini, karibu na kijito, alikaa Bibi Kanga na mjukuu wake. Wote walilima mtama, wakala mtama, wakaozana kwa mtama.

Na walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyelima peke yake. Ukitaka shamba lako lilimwe, unapita nyumba kwa nyumba, unasema, "Kesho ni kwangu." Basi. Asubuhi wote wanakuja na majembe, kesho yake mnakwenda kwa mwingine, mpaka kilima kizima kinakwisha.

Lakini desturi ilikuwa na sharti. Jua likifika utosini, moshi lazima utoke jikoni kwa mwenye shamba. Chungu lazima kichemke, na waliolima lazima washibe. Usipowapikia, utasemwa. Utasemwa kisimani, utasemwa njiani, utasemwa hata matangani. Watu wa kilima kile walivumilia jua, walivumilia siafu, lakini kusemwa hawakuweza.

Miaka ya neema desturi ile ilikuwa tamu. Ila ukaja mwaka wa ukame. Mvua ilinyesha siku mbili, kisha ikaenda zake. Watu wakala cha ghalani. Kilipokwisha wakala maganda. Maganda nayo yakaisha, zikabaki mbegu tu, kila nyumba kibuyu kimoja, kimefungwa kitambaa mdomoni na kutundikwa juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasizitoboe.

Sasa sikilizeni walivyokosea.

Baba Ngiri alikuwa na shamba kubwa. Akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Kesho ni kwangu." Wakaja, wakalima. Jua likapanda, likapanda, na jikoni kwa Baba Ngiri hakuna kitu. Hapo ndipo akatokea Nyani.

Nyani alikuwa kijana mwenye afya na mikono mirefu. Alikuwa na jembe jipya. Lilikuwa jipya kwa sababu halikuwahi kugusa udongo. Kila siku ya kulima alikuja saa sita, akasimama pembeni ya shamba, akawaonyesha wenzake mahali walipoacha majani.

Nyani akamsogelea Baba Ngiri, akamwambia taratibu, "Baba, watu wanatazama jikoni kwako. Watasema."

Baba Ngiri akaingiwa na baridi. Akakishusha kibuyu cha mbegu, akazimimina zote chunguni. Watu wakala, wakashiba, wakamsifu. Nyani alikula mabakuli matatu. Kisha mvua ikanyesha, na Baba Ngiri akasimama katikati ya shamba lake zuri, limelimwa likalimika, hana hata punje ya kupanda. Yaliota majani. Yalistawi kweli kweli.

Mwaka wa pili ilikuwa zamu ya Mama Fuko. Yeye aliyaona ya Baba Ngiri, akasema mbegu zake hatazipika. Lakini sasa, asiyepika anamwitaje mtu? Basi hakumwita mtu. Akalima peke yake, tumbo tupu, mgongo unamuuma. Mpaka mvua zinakatika, alikuwa amelima kipande cha ukubwa wa mkeka. Mtama ulipotoa masuke wakaja ndege, wakaumaliza asubuhi moja. Mbegu zilizobaki kibuyuni aliwapikia wanawe. Angefanyaje?

Basi ikawa hivyo kilima kizima. Huyu ana shamba lililolimwa na hana mbegu. Huyu ana mbegu na hana shamba lililolimwa. Njaa ikaingia mwaka wa tatu, watoto wakaacha kucheza. Nawaambia, hicho ndicho kitu kinachonitisha mimi katika hadithi hii yote. Watoto wamekaa tu, wanatazama.

Ikafika siku ambapo mbegu zilibaki nyumba moja. Kibuyu kimoja, kilima kizima, kwa Bibi Kanga.

Na mnawajua kanga. Kanga kukaa ndani na mtama bila kuudonoa ni kazi nzito kuliko kulima. Bibi Kanga alikuwa akikaa jikoni amekipa kibuyu mgongo ili asikione.

Jembe!

Mpini!

Mjukuu wake, Kanga, alikuwa binti wa miguu miembamba na maswali mengi. Aliona mawingu yanaanza kukusanyika upande wa kijito. Akatoka, akapanda juu kwa kina Ngiri kumtafuta Ngiri kijana, mtoto wa Baba Ngiri. Akamkuta anafunga mzigo.

Akamuuliza anakwenda wapi. Ngiri akasema anakwenda ng'ambo ya mto, amesikia huko watu wanakula mara mbili kwa siku.

"Ukifika utafanya nini?"

"Nitalima."

"Mashamba ya nani?"

"Ya wenyewe wa huko."

"Basi kabla hujaenda kulima ya wenyewe," Kanga akasema, "tulimie siku tatu hapa. Siku ya nne nitakusindikiza mwenyewe mpaka mtoni."

Ngiri akautazama mzigo wake, akautundika ukutani. Wakashuka wote wawili kwa Fuko kijana, mtoto wa Mama Fuko. Fuko haoni vizuri, lakini ukimweka mbele ya udongo hana mwenzake. Naye akakubali. Wakaongezeka vijana wengine, wa huku na wa huku, kila mmoja na jembe lake na tumbo lake tupu.

Wakaenda kwa Bibi Kanga kwanza. Wakamwambia watalima mashamba matatu, la kina Ngiri, la kina Fuko na lake, na mbegu za kibuyu zigawanywe kote kutatu. Wakivamia ndege hapa, patabaki pale. Bibi akawaza, akakubali. Mbegu ni za wote, akasema, kwa nini afe nazo? Ila siku ya shamba lake, chakula cha walimaji ni juu yake. Hajawahi kusemwa tangu azaliwe.

Vijana wakaenda kwa wazee, wakaomba mwaka huo watu walime bila kupikiwa. Wazee wakakataa. Chungu lazima kichemke, wakasema, la sivyo huko ni kutumikishana.

Kanga akauliza, "Lazima kichemke?"

"Lazima."

"Jikoni kwa mwenye shamba?"

"Kwake mwenyewe."

"Na kukijaza, lazima akijaze yeye?"

Wazee wakatazamana. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Wakatafuta kwenye kumbukumbu zao zote, hawakupata jibu, wakaona bora waseme wamechoka.

Kanga akashukuru sana, akatoka mbio.

Ndipo kikaanza chungu cha kutembea. Chungu kilikuwa kimoja, kikubwa, cha mama yake Fuko. Alfajiri kila kijana alikwenda porini kutafuta. Fuko alichimbua viazi vya porini. Ngiri alifukua magimbi kwenye tope la kijito. Kanga alichuma mlenda na mchicha. Kila mmoja akafunga chake kwenye jani la mgomba, akakitia chunguni, na chungu kikabebwa mpaka jikoni kwa mwenye shamba. Moshi ukatoka kwake, harufu ikatoka kwake, heshima ikabaki kwake. Nao wakaenda kulima wakiimba:

*Chungu tembea, tembea chungu,*
*leo kwa Ngiri, kesho kwa Fuko,*
*kesho kutwa kwa bibi yangu.*

Imbeni nami. Tena. Nyie mmekula leo, imbeni vizuri.

Sharti lao vijana lilikuwa dogo tu: asiye na fungu chunguni hana nafasi mkekani.

Nyani akalisikia sharti hilo, likamwudhi sana. Akakaa akafikiri. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, aliamka mapema. Akaokota jiwe, akalifunga kwenye jani la mgomba vizuri, na kamba juu, akalitia chunguni mbele ya watu. "Langu hilo," akasema. "Gimbi kubwa." Kisha akaenda kulala.

Siku ya kwanza walilima kwa Baba Ngiri. Saa sita Nyani akaja, akachukua fungu lake, akalipeleka nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu. Alisema lake limeungua. Wenzake wakamhurumia, wakamgawia. Akala viazi, akala magimbi, akala mlenda.

Siku ya pili walilima kwa Mama Fuko. Saa sita Nyani akachukua fungu lake, akalipeleka nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu. Alisema lake lina uchungu mdomoni, amelitupa asije akawadhuru wenzake. Wakamgawia. Akala viazi, akala magimbi, akala mlenda, na chakula hakikutosha. Ngiri alirudi kwao siku hiyo hajashiba, akautazama tena ule mzigo ukutani.

Kanga ndiye aliyeosha chungu. Akaona kitako kimekwaruzwa. Akaenda nyuma ya nyumba ya Mama Fuko, akakuta jiwe, bado lina joto. Akapanda kwa Baba Ngiri, akakuta jingine. Alirudi nyumbani anakwangua ardhi kwa hasira njia nzima.

Sasa, Nyani alikuwa na jambo jingine rohoni. Viazi vya porini vilikuwa vimemkinaisha. Alikuwa anautaka mtama.

Jioni ya siku ya pili alikwenda kwa Bibi Kanga, akamwambia, "Bibi, kesho ni kwako. Watasema." Bibi akamjibu kwamba vijana wana chungu chao. Nyani akaenda zake.

Asubuhi ya siku ya tatu akapita tena. "Bibi, wewe umekula kwa watu miaka mingapi? Watasema." Bibi akakaa anapepeta hewa kwenye ungo mtupu.

Jua lilipokaribia utosini akaja mara ya tatu. Akamwambia leo vijana wamekosa kitu porini, wameona haya kusema. Chungu kilichoko jikoni kwake kina maji matupu. Nao hao wanakuja, wana njaa, si anawasikia?

Na kweli sauti zilisikika shambani: kesho kutwa kwa bibi yangu. Shamba la bibi lilikuwa karibu kwisha.

Bibi Kanga akasimama. Akaingia jikoni, akakishusha kibuyu, akafungua kitambaa mdomoni. Kumbukeni, watoto, hizo ndizo mbegu za kilima kizima. Mashamba matatu yamelimwa na yanazingoja. Alipokiinamisha, punje chache zikadondoka chini.

Kanga akaingia kuchukua maji ya kunywa, akamkuta hivyo, kibuyu kimeinamishwa juu ya chungu chake kidogo.

"Bibi, unafanya nini?"

"Niache, mjukuu wangu. Watu walime shamba langu waondoke na njaa? Bora nife nikiwa na heshima yangu."

Kanga hakumnyang'anya. Angemnyang'anyaje bibi yake? Aliinama. Zile punje zilizodondoka alianza kuziokota kwa mdomo, moja moja. Kanga huyo alikuwa hajala tangu jana mchana. Miaka mitatu hajaonja mtama. Akaokota ya kwanza, akaitia kibuyuni. Akaokota ya pili, akaitia kibuyuni. Akaokota ya tatu, akakaa nayo kidogo mdomoni, machozi yakamtoka, akaitia kibuyuni.

Bibi Kanga akamtazama mjukuu wake, na moyo wake ukavunjika, ukajiunga tena mahali pengine. Akakiinua kibuyu.

"Sasa nitawapa nini?" akauliza.

"Funua kile chungu chetu kikubwa, Bibi."

Bibi akafunua. Mvuke ukampiga usoni. Mafungu yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni, kwa sababu siku ile vijana walikuwa wamekwenda mbali zaidi, wakijua ni kwa bibi. Bibi akaelewa kwamba amedanganywa, na akaelewa na nani. Akakifunga kibuyu, akaomba kamba nyingine, akakifunga mara ya pili.

Jembe!

Mpini!

Wakatandika mkeka uani. Nyani alikuwa amefika mbele ya wote, amenawa mikono, ananusa mtama na haupati. Kanga akatoa mafungu chunguni. Akasema leo kuna utaratibu mpya, kila mtu afungue fungu lake hapa hapa, ale alichokileta mwenyewe, na kitakachozidi ndicho kigawanywe.

Nyani akasema leo hana njaa.

Ngiri akamwambia, "Haiwezekani, ndugu yangu. Waliolima lazima washibe. Si wewe unayetukumbusha desturi kila siku?"

Watu wote wakamtazama. Nyani akalifungua jani, polepole, kama vile ndani mna nyoka. Jiwe likabingirika mkekani likasimama mbele ya Bibi Kanga, linafuka moshi.

Bibi Kanga akainama, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu," akasema, "mbona bado gumu? Tulirudishe?"

Watu walicheka mpaka Fuko akadondoka mkekani. Wazee walicheka. Hata watoto, wale waliokuwa wanakaa tu wakitazama, walicheka, na mmoja akalichukua lile jiwe akaanza kulichezea. Nyani alitamani ardhi ipasuke. Watu hawakumsema kisimani wala njiani, walimsema pale pale akiwa amekaa.

Lakini Bibi Kanga alikuwa Bibi Kanga. Akakata gimbi lake katikati, nusu akampa Nyani. Akamwambia ale, kisha achukue jembe, kuna kona pale mwisho haijaguswa.

Nyani akala. Kisha akaenda kwenye ile kona, peke yake, akalima. Mikono ikamtoka malengelenge. Jioni jembe lake lilikuwa na udongo, naye akalitazama kama ndiyo kwanza analiona.

Mvua ikaja siku ya tano. Siku ya nne Ngiri hakwenda mtoni, hakuna aliyemkumbusha. Kibuyu kikafunguliwa mbele ya watu wote, mbegu zikagawanywa, viganja huku, viganja kule, viganja kule. Mashamba matatu yakapandwa. Mtama ulipotoa masuke wakatafuta mlinzi anayezijua njia zote za wezi. Wakamchagua Nyani, na hakuna ndege wala mdudu aliyepita.

Najua, mnacheka. Nyani alinde mtama! Nyani wa siku hizi wamelisahau lile jiwe. Hukaa vile vile pembeni ya shamba, ila wanasahau wako upande gani.

Wakavuna. Mtama ukajaa ghala la juu, la katikati na la chini. Cha kwanza walichofanya, kabla mtu hajasaga hata punje, kila nyumba ilijaziwa kibuyu chake cha mbegu. Ngiri akaufungua ule mzigo wake wa safari, akaichana kaniki aliyoufungia, vipande vyake vikafunga midomo ya vibuyu vyote.

Kisha Bibi Kanga akapita nyumba kwa nyumba na kifimbo chake. "Kesho ni kwangu," akasema. "Hakuna kulima. Kesho ni kula. Chungu ni changu na kilichomo ni changu. Asije mtu na kitu, hata jani."

Wakaja wote. Bibi alikuwa amesonga ugali wa mtama, amepika mlenda, amekoroga togwa. Alisimama mlangoni akiwaangalia wanavyokula, yeye mwenyewe hali, anasema ameshiba. Nami namwamini.

Wa mwisho kufika alikuwa Nyani. Mkononi alikuwa na fungu la jani la mgomba, limefungwa kamba juu. Uwanja mzima ukamgeukia. Bibi akamkumbusha kwamba aliwakataza wasije na kitu. Nyani akapiga magoti, akalifungua mwenyewe mbele yake.

Lilikuwa gimbi, kubwa, limeiva.

Bibi Kanga akalipokea kwa mikono miwili. Ndipo na yeye akakaa, akala.

Hadithi inatufundisha hivi. Heshima si kuwapikia watu mbegu zako ili usisemwe. Heshima ni kesho kuwe na cha kupika. Na njaa ya kilima haiondolewi na mwenye nguvu aliyekwenda ng'ambo, wala na bibi mmoja mwenye kibuyu. Huondolewa na vijana waliokaa, wakachukua jembe, na kila mmoja akatia chunguni kitu cha kweli, hata kama ni kidogo.

Jembe bila mpini?

Chuma tu!

Mpini bila jembe?

Kuni tu!

Vikikutana?

Ugali!

Hapo jembe langu nimelisimamisha ukutani, anayetaka kulima zaidi alichukue. Haya, leteni ungo nione mlichopukuchua. Na wewe Sikudhani, njoo. Fungua kiganja, mama. Tema.

Moja, mbili, tatu. Ahsante. Zitie kibuyuni mwenyewe.